Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: Wekeni wazi rekodi za risasi za mpira na vitoa machozi

Bwana Inspekta Jenerali,

Mimi ni muuguzi katika kitengo cha dharura jijini Nairobi. Siku za maandamano tunapokea wengi: aliyepigwa kifuani na mkebe wa vitoa machozi, mwenye pumu aliyebanwa na moshi, kijana ambaye jicho limefura halifunguki. Faili zetu zinaeleza jeraha. Silaha iliyolisababisha, umbali ilikofyatuliwa na aliyetoa amri, hayo mnayajua ninyi, na hayatufikii. Naomba muyaweke wazi.

Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ Open lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi mbalimbali kuhusu risasi za mpira na nyingine za jamii hiyo. Kati ya majeruhi 1,984, watu 53 walifariki na 300 wakabaki na ulemavu wa kudumu. Karibu nusu ya waliofariki walipigwa kichwani au shingoni. Huko Ireland Kaskazini, risasi za mpira na za plastiki ziliua watu 17, na 8 kati yao walikuwa watoto. Afrika Kusini, Machi 2021, Mthokozisi Ntumba alikuwa ametoka kliniki mtaani Braamfontein polisi walipokuwa wakiwatawanya wanafunzi. Hakuwa mwandamanaji. Alipigwa risasi za mpira, akafa papo hapo.

Kwa hiyo afisa anapoambiwa kwamba silaha hii haiui, anapotoshwa, na anaifyatua kwa wepesi ambao hangeuthubutu na bunduki ya kawaida.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2020 uko wazi. Risasi hizi hulengwa miguuni au sehemu ya chini ya tumbo, tena kwa mtu anayetishia kumjeruhi mwingine wakati huohuo. Zile zinazotawanya vipande vingi kwa mfyatuo mmoja hazifai, kwa kuwa hakuna anayeweza kuamua zitampata nani. Mkebe wa gesi haufyatuliwi kumwelekea mtu. Haya yanafundishwa katika chuo cha polisi cha Kiganjo? Kama yanafundishwa, tuonyesheni mtaala.

Hapa nyumbani, Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata walirushiwa vitoa machozi wakitetea uwanja wao wa kuchezea. Agosti 2017, Kisumu, mtoto Samantha Pendo wa miezi 6 alipigwa rungu kichwani na polisi walioingia kwao usiku, akafariki siku chache baadaye. Rungu nalo ni silaha, na linastahili uchunguzi uleule.

Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linataka kila nguvu iliyosababisha kifo au jeraha baya iripotiwe mara moja kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Nakuomba uende hatua moja zaidi: kila mfyatuo uandikwe, hata usipomjeruhi mtu, pamoja na aina ya silaha, umbali, mahali na saa. Chapisheni takwimu hizo kila baada ya miezi 3, bila majina. Chapisheni pia aina za silaha mnazonunua na majaribio zilizopitia kabla ya kukabidhiwa askari. Watafiti wa vyuo vyetu watazilinganisha na rekodi za hospitali, nasi tutajua ni kipi cha kupiga marufuku kwanza.

Nasubiri jibu lako hadharani.

Muuguzi, Nairobi