Hela za maafa zipitie kwenye simu

Mhariri salamu, mi mkulima wa huku Magu. Ziwa Victoria lilipanda 2020, likarudi tena 2024, majaruba ya mpunga yakalala majini na mihogo ikaozea ardhini. Watu wakija kuandika majina ya msaada wanaanza na swali la mita 60 toka ukingo wa ziwa, eti kama ulilima ndani ya hapo hustahili kitu. Sawa, sheria ya mazingira ya 2004 tunaijua, ila jamani maji yakishaingia shambani hizo mita 60 unazipimia wapi, maana kuna wenzetu walikuwa mbali kabisa na wamekosa vilevile.

Halafu orodha inaandikwa kwenye daftari, ikirudi ina majina ya watu hata jembe hawana (wengine wapo mjini Mwanza wanauza vocha huko). Wakati sisi tulishasajiliwa tangu 2022 kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, namba za simu wanazo, ukubwa wa shamba wanao. Si watumie hiyohiyo? Msaada utumwe kwenye simu ya mkulima, na orodha ibandikwe ofisi ya kijiji kabla hela haijatoka, tuisome wote.

Mkulima, Magu