Kwa vijana wa kijiweni kwetu Makorora, Tanga

Assalaam aleikum, wanangu.

Jumamosi ile mlikuwapo. Kijana kalazwa mchangani, mikono kafungwa kwa mpira wa baiskeli, eti kaiba baiskeli. Nilihesabu simu 11 zimeinuliwa juu. Hakuna hata moja iliyopiga 112 kuita polisi. Nilipojipenyeza na mkongojo wangu nikisema mwacheni, mmoja wenu akanambia: "Bibi sogea, unaniziba."

Neno hilo sijalimeza mpaka leo. Namziba nini? Damu ya mtoto wa mwenzangu?

Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Yule hata kushtakiwa bado. Waliompiga wana lao la kujibu, lakini waliosimama kutazama ndio walionikosesha usingizi, maana ninyi nimewalea. Video ilimfikia mama yake kabla mwanawe hajapata PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa.

Mmoja kanijibu kuwa Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutafuta na kutoa habari. Kweli, baba, na siku mtu akija kuwanyang'anya uhuru huo nitasimama nanyi. Mbona Ibara ya 16 mmeiruka? Hiyo inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa, yeye na familia yake. Kurekodi si ugomvi wangu nanyi. Picha inayopelekwa polisi na mwenye kuipiga akataja jina lake, hiyo ni ushahidi. Picha ya kuchekea kwenye status ni kipigo cha pili.

Na sisi wazee tuna letu. Tuliwafunza "yasiyokuhusu yapite", tukaita adabu. Mkutano wa mtaa ukiitishwa tunabaki majumbani, mapato na matumizi yanasomewa viti vitupu, kisha tunalalamika barazani.

Msipekue simu ya mwenzenu. Msisambaze msilolijua asili yake. Mtu akikamatwa, ulizeni anapelekwa kituo gani, mkawaambie kwao.

Wanangu, yule kijana yuko kwao, mkono umefungwa plasta. Ifuteni video huko mlikoirusha, na mwenye ile ya asili aitunze, aje nayo. Nipo barazani kila siku baada ya alasiri. Tutakwenda kituoni pamoja, na mimi nitaandikisha jina langu kwanza.

Bibi yenu