Mitaro ya Maktau: Barua ya wazi kwa Gavana wa Taita Taveta

Mheshimiwa Gavana,

Salamu kutoka njia ya Taveta. Kila ukienda huko gari lako hupita Maktau, na sidhani huwa linapunguza mwendo. La kutazama ni dogo: reli iliyomezwa na majani, vibanda, mbuzi. Lakini mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hapo palikuwa kambi kubwa ya Waingereza, na kando yake uwanja wa ndege za kivita, wakati ambapo wazee wetu wengi walikuwa hawajaona hata gari.

Wajerumani, waliotawala Tanzania bara ya leo, waliiteka Taveta Agosti 1914. Kuwatoa haikuwa kazi ya bunduki tu, maana nyika ile haina mto. Reli ikatandikwa kutoka Voi, ikafika Maktau katikati ya 1915, na maji yakaletwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Ndege zikaja baadaye mwaka huohuo. Zilikuwa za mbao na kitambaa, na warukaji wake walitoka kisiwani Mafia, walikokuwa wakielekeza mizinga iliyoimaliza manowari ya Wajerumani Königsberg huko Rufiji mwezi wa Julai. Februari 1916 jeshi la Waingereza likasonga kuivamia Salaita, kilima kilicho karibu na Taveta, likatimuliwa. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, kamanda wa Waingereza, akapenya vilima vya Latema na Reata, vita vikahamia ng'ambo ya mpaka, na Maktau ikaachiwa upepo.

Mitaro ya askari ikabaki. Sisi tulichunga mbuzi humo. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unaporomoka na kutema maganda ya risasi, shaba iliyogeuka kijani. Tulikuwa tunayafuta kwa shati na kuyapuliza kama filimbi. Najuta kidogo kwamba yangu niliyabadilisha kwa andazi. Siku hizi watoto hawapigi filimbi: kila chuma kina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya vyuma. Luteni Wilbur Dartnell aliuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915, alipokataa kuwaacha majeruhi wake. Alitunukiwa Nishani ya Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Waingereza, na kaburi lake liko Voi na jina lake juu. Alistahili, simwonei kijicho. Ila nani alibeba unga, maji na masanduku ya risasi ya jeshi lile? Wapagazi wa kikosi cha Carrier Corps, walioacha jina Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Nairobi inawaita miguu na mikono ya jeshi, lakini haitaji jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kuwatenga watu hao katika kumbukumbu zake. Na Wakasigau, watu wa mlima Kasigau hapa Taita, waliotuhumiwa kuwasaidia Wajerumani wakahamishiwa Malindi mwaka 1915, historia yao bado inasimuliwa jikoni tu.

Mheshimiwa, sikuombi hoteli ya watalii. Jedwali la Nne la Katiba limeweka makumbusho mikononi mwa kaunti, na sheria ya turathi ya 2006 inaruhusu mahali kama hapa kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Tuma mpimaji aweke vigingi kuzunguka mitaro na uwanja wa ndege kabla ya mtu kuonyesha hati ya shamba. Tuma pia vijana wawili wenye daftari, mmoja Bura na mmoja Kasigau, waandike majina ya wapagazi ambayo familia bado zinayakumbuka. Babu zetu wenyewe hawapo, lakini wajukuu waliosikia tungalipo, na sisi nasi umri umekwenda.

Wakija, waje Septemba. Vuli ikishanyesha nyasi hufika kiunoni, na hata mimi niliyekulia humo huipata mitaro kwa kutumbukia.

Wako mtiifu,
Mchungaji mbuzi wa zamani, Maktau