Moshi Mweusi: Dizeli Yako Inataka Hewa, Si Mafuta Zaidi

Gari la dizeli likipoteza nguvu mlimani, wateja wengi wa gereji yetu hutuomba turekebishe pampu ya dizeli imimine mafuta mengi zaidi kwenye injini. Hatuanzii hapo. Moshi mweusi ni mafuta yaliyoingia kwenye silinda yakakosa hewa ya kuyaunguza yote. Ukiyaongeza, unazidisha masizi na joto, nguvu inapanda kidogo tu.

Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Ndani ya injini mafuta hunyunyizwa pistoni ikiwa karibu kufika juu, hayapati muda wa kuchanganyika vizuri, hivyo hewa lazima izidi kiwango hicho kwa mbali. Injini isiyo na turbo, yaani feni ya kusukumia hewa ndani, huvuta hewa kwa pistoni peke yake. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa imekuwa nyepesi kwa karibu moja ya tano, na pampu ya kizamani inamimina mafuta yale yale.

Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi, nguvu ambayo ingepotea bure, nayo husukuma hewa ndani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Mwaka 1925 alifunga turbo kwenye dizeli ya silinda 10, nguvu zikapanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500.

Ila hewa ikibanwa hupata joto, na joto kali ndani ya silinda huzalisha oksidi za nitrojeni, sumu isiyoonekana kwa macho. Ndiyo maana tunasisitiza intakula, kipoza hewa kinachokaa kati ya turbo na injini: hupoza hewa, ikaingia nyingi zaidi na bila joto la kupita kiasi. Turbo bila intakula ni kazi nusu.

Kwa hiyo tunakagua kwanza filta ya hewa, kisha tunajaza upepo kwenye intakula na mipira inayopitisha hewa, kutafuta mivujo. Mara nyingi kosa ni mpira uliopasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana. Baada ya hapo tunapima mchezo wa shafti ya turbo, yaani kama imelegea. Nozeli zinazonyunyiza mafuta, na pampu, hufuata mwishoni.

Ukitaka kufungiwa turbo kwenye injini isiyokuwa nayo, tutapima kwanza kompresheni, yaani jinsi silinda zinavyobana hewa. Ikiwa pistoni na ringi zimechoka, hatutafunga. Injini ifanyiwe ovaholi kwanza, yaani ifunguliwe na vilivyochakaa vibadilishwe.