Risala ya Watumishi wa Afya kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kufunga Mafunzo ya Kukabiliana na Mlipuko wa Mafua ya Ndege

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uongozi wa mafunzo, wakufunzi wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuungana nasi. Tunaomba tukueleze yanayomkabili mtumishi wa afya tangu anapoingia kwenye banda la kuku lenye mlipuko hadi siku kumi baada ya kutoka. Siku hizo kumi ndizo husahaulika, na ndizo zilizobeba ombi letu kubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 1997 huko Hong Kong virusi vya mafua ya ndege viitwavyo H5N1 viliwapata watu 18, na 6 kati yao wakafariki. Tangu mwaka 2003, watu zaidi ya 900 wamethibitishwa duniani kuugua H5N1, na karibu nusu yao wamefariki. Heri yetu ni kwamba virusi hivi havisambai kirahisi kutoka mtu kwenda mtu. Humpata zaidi aliyeshika ndege mgonjwa, aliyemchinja, aliyemnyonyoa, au aliyevuta vumbi la kinyesi chake. Timu ya kuteketeza kuku hukutana na karibu hayo yote kwa zamu moja.

Vumbi ndilo adui wa kwanza. Kuku wakishtuka hupiga mabawa, na matandiko makavu ya banda hupanda hewani. Kwa hiyo sakafu hunyunyiziwa maji kidogo kabla ya kumgusa ndege yeyote, na ufagio mkavu hauruhusiwi kabisa. Ndani ya ovaroli joto hupanda haraka, miwani ya kinga hufunga ukungu, na hapo ndipo kidole chenye glavu chafu huinuka chenyewe kwenda jichoni. Dawa yake ni zamu fupi, maji ya kunywa kabla ya kuvaa, na miwani inayomkaa mvaaji vizuri. Kumkaripia mtumishi hakusaidii kitu.

Hata hivyo, hatari kubwa iko wakati wa kuvua. Mtu amechoka, anataka hewa, anavuta barakoa kwanza. Utaratibu tuliojifunza ni huu: gambuti husuguliwa kwa sabuni, kisha huvuliwa aproni, halafu glavu za nje. Kofia ya ovaroli hurudishwa nyuma, na ovaroli yenyewe hukunjwa nje-ndani kuelekea chini. Miwani hushikwa kwa mkanda wa nyuma, na barakoa hufuata, nayo kwa kamba za nyuma, uso ukiwa umeinama kidogo. Kisha gambuti hutoka, glavu za ndani zikiwa za mwisho, na mikono huoshwa. Katikati ya kila hatua mikono husafishwa ikiwa bado ndani ya glavu. Lazima awepo mtu wa pili anayesimama pembeni na kutaja hatua kwa sauti. Anayevua peke yake huruka hatua bila kujua.

Klorini nayo huharibiwa na haraka. Kwa kupata asilimia 0.5, kikombe kimoja cha dawa ya maji yenye klorini asilimia 5 huchanganywa na vikombe 9 vya maji. Kwa unga wa asilimia 70, gramu 7 hutosha lita moja. Ila klorini ikimwagwa juu ya kinyesi au damu huishia humohumo. Uchafu uondolewe kwanza kwa sabuni, ndipo klorini ipakwe na kuachwa dakika 10. Mchanganyiko wa jana humwagwa.

Kwa upande wa wagonjwa, swali la "umegusa kuku?" hujibiwa "hapana" na watu wengi wanaosema kweli. Aliyefagia banda au aliyemzika kuku aliyekufa hajihesabu kuwa amegusa. Ni vyema kuuliza kazi moja moja: kuchinja, kunyonyoa, kuuza, kufagia, kuzika, ndani ya siku 10 zilizopita. Tena anayeuliza asiende pamoja na timu ya kuteketeza, maana mfugaji aliyetoka kupoteza kuku wake, na fidia haijaonekana, hana sababu ya kumwamini aliyevaa ovaroli ileile.

Macho mekundu yasidharauliwe. Katika mlipuko wa H7N7, aina nyingine ya mafua ya ndege, wa mwaka 2003 nchini Uholanzi watu 89 walithibitishwa kuambukizwa, na wengi wao dalili yao ilikuwa macho tu. Daktari mmoja wa mifugo alifariki. Sampuli ya koo peke yake ingewakosa wengi. Ichukuliwe ya pua, ya koo na ya jicho lililoathirika, na kwa mwenye nimonia makohozi pia, kwa sababu virusi hivi hupenda kukaa chini kwenye mapafu. Sampuli isafirishwe katika nyuzi joto 2 hadi 8, na fomu itaje wazi kwamba mgonjwa alikuwa karibu na kuku au ndege wengine. Maabara ikikuta homa ya mafua aina A isiyo H1 wala H3, zile za kawaida za msimu kwa binadamu, taarifa itolewe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kikitoka hasi kisimrudishe mgonjwa nyumbani.

Oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya mafua, isisubiri majibu. Mtu mzima hupewa miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku 5, na hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa maombi yetu. Tunaomba barakoa za saizi tofauti na zipimwe usoni mwa kila mtumishi. Tunaomba oseltamivir ikae karibu na eneo la kazi, isifungiwe bohari kuu.

La mwisho ndilo zito. Kila aliyeingia bandani hupima joto asubuhi na jioni kwa siku 10, kabla ya kumeza dawa yoyote ya kushusha homa, na kuandika katika daftari. Wapo wanaolipwa kwa siku. Akiandika nyuzi 38 anatengwa, na akitengwa halipwi. Basi humeza paracetamol kwanza, kisha anapima, na daftari linasomeka 36.5. Tunaomba malipo ya siku zote 10 yatengwe ndani ya bajeti ya kila mlipuko, yalipwe awe mzima au mgonjwa, na jambo hilo atangaziwe kabla hajavaa gambuti.

Tunaomba kuwasilisha.