Samaki kwa wingi, lakini samaki gani?

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya afya imewahimiza wajawazito wale samaki kwa wingi. Sina ugomvi na samaki, mimi ni mtoto wa mvuvi, nimezaliwa na kukulia Unguja. Ugomvi wangu ni na hilo neno "wingi".

Mkaza mwanangu ana mimba ya miezi mitano. Kliniki nako aliambiwa hivyo hivyo, ale samaki. Naye katika samaki wote roho yake iko kwa papa tu. Basi wiki nzima nyumba ikanuka papa: leo wa nazi, kesho mkavu wa kuchoma, keshokutwa wa nazi tena. Aliyemwambia ale hakumuuliza anakula yupi.

Papa ni mla samaki, na hao anaowala nao wamekula wadogo wao. Zebaki, ile metali yenye sumu iliyomo baharini, hupanda hivyo hivyo, kinywa kwa kinywa, ikaganda kwenye minofu. Samaki akiwa mkubwa, mzee na mla wenziwe, hubeba nyingi zaidi. Anayeumia kwanza ni mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndiyo kwanza unajengeka. Kuchemsha hakuitoi, kukaanga hakuitoi. Papa mkavu ndiyo zaidi: maji yamekauka, zebaki imebaki, kipande kidogo kina mzigo wa kikubwa.

Wamarekani huwaambia wajawazito wale gramu 227 hadi 340 kwa wiki, za samaki wenye zebaki kidogo, na wamwache kabisa papa, nduaro, na hata aina ya nguru wa bahari zao. Waingereza nao wamewakataza papa. Mizani jikoni sina, lakini gramu hizo ni vipande viwili au vitatu, kila kimoja sawa na kiganja cha mkono bila vidole. Kwa wiki, si kwa siku!

Wala sisemi wajawazito wamkimbie samaki. Mafuta yake yanamjenga huyo huyo mtoto tunayemhofia, na anayeacha samaki wote kwa woga anapoteza. Dagaa na vibua wana mafuta hayo, zebaki yao ni kidogo mno, na fungu lao halimshindi mtu wa kipato chetu. Ajabu ni kwamba ukimpelekea mgeni dagaa, unaonekana umemdharau.

Ninachoomba, safu ijayo iwataje samaki kwa majina tunayoyaita sokoni, yupi aliwe mara ngapi na yupi asubiri mpaka mama ajifungue na amalize kunyonyesha. Na picha mtakayoweka iwe ya dagaa. Ile ya mwezi huu ilikuwa nduaro mzima kabebwa begani.

Mkaza mwanangu sasa anakula vibua. Analalamika miiba.

Mavyaa,
Bububu, Unguja