Barua ya wazi kwa vijana wagunduzi wa mbegu: onjeni muhogo wenu

Wanangu,

Salamu. Nawaandikia nikiwa na hasira, na afadhali niseme mapema msije mkadhani ni uzee tu unaonisumbua.

Msimu uliopita nilialikwa kwenye siku ya wakulima katika kijiji kimoja cha pwani. Vijana wawili wa utafiti walisimama mbele ya mistari ya muhogo mpya, fulana zimepigwa chapa, bango limependeza. Wakaeleza tani kwa hekta. Wakaeleza kinga ya batobato, ugonjwa wa kirusi wa majani ya muhogo. Wakaeleza vinasaba. Bibi mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwanangu, huu unaiva?" Kijana akajibu kwamba mavuno yake yanaupita mbali muhogo wa kienyeji. Bibi akauliza tena. Kijana akarudia tani. Akina mama wakatazamana, mmoja akajifunika kanga mdomoni asionekane anacheka.

Nikaomba shina moja ling'olewe. Hakuna aliyekuja na jembe wala kisu. Siku ya muhogo, na kisu hakuna! Tukaazima panga la mwenye shamba, tukachimba, tukamenya, jirani akainjika sufuria. Mizizi ilikuwa minene, inapendeza macho. Ilikaa motoni hadi kuni zikaongezwa mara ya pili, na bado ukiubonyeza kwa uma unateleza. Chelema mtupu. Wakati huo wageni walikuwa kivulini wanakula pilau iliyoletwa na gari.

Mnajua wenyewe kazi yetu inavyokula miaka. Unalifunika ua la kike kwa kitambaa kabla halijafunguka, unalipaka chavua ya mmea uliouchagua, unasubiri tunda lenye mbegu tatu, na kila mbegu inaota mmea usiofanana na ndugu yake. Unaanza na miche elfu na ushee, unachuja, unachuja tena, na mwishoni unabaki na aina mbili tatu za kuwapelekea TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, wazipime. Ni miaka minane, pengine kumi. Katika muda wote huo ilikosekana jioni moja ya kuchemsha muhogo?

Na usiniambie utamu ni shauri la mpishi. Mama wa Tanga anataka wa kuchemsha asubuhi na wa kupika kwa nazi. Wa Mtwara anataka wa makopa. Kanda ya Ziwa wanataka wa udaga, na kwao uchungu si tatizo kwa sababu watauvundika. Majani nayo yanaliwa, kisamvu kikiwa kigumu mtalaumiwa. Ukiwapelekea wote aina moja kwa sababu ina tani nyingi, watakupokea vizuri, watakupigia makofi, na ukiondoka watakata mashina wafanyie kuni.

Kisu hicho hicho ndicho kinachoonyesha ugonjwa. Michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa kirusi wa muhogo, si kama batobato, inayokunja majani hadi mpita njia akaiona. Shina linaweza kusimama lina majani ya kutosha, mkulima anahesabu fedha kichwani, akichimba anakuta ndani ya mzizi mabaka makavu ya kahawia yaliyooza. Ndiyo maana tunaukata mzizi vipande vipande na kuupa alama, moja ukiwa safi, tano ukiwa umeharibika kabisa. Sasa nasikia kuna wanaotuma vibarua wakate, wao wanapokea picha kwa simu. Picha haina harufu, wanangu.

Wengi wenu hamjui hata tulikotoka. Michirizi ilielezwa na H. H. Storey mwaka 1936, akiwa kituo cha Amani, Usambara. Hapo Amani, yeye na R. F. W. Nichols waliuchavusha muhogo na ndugu yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceará, ambao mizizi yake hailiki. Walichotaka kwake ni kinga. Kisha wakarudisha vizazi kwa muhogo wa kawaida, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka kikapatikana kitu cha kuliwa. Mbegu za kazi hiyo zilifika Nigeria, na baadaye IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo pale Ibadan, wakazitumia kuzalisha aina za muhogo ziitwazo TMS zilizosambaa sehemu nyingi za Afrika.

Mpango wa Amani ulikwisha, lakini muhogo mmoja wa kule ulibaki mikononi mwa wakulima. Pwani ya Kenya wanauita Kaleso. Kusini mwa Tanzania kuna Namikonga. Vipimo vya vinasaba vilipofanyika vikaonyesha ni muhogo uleule. Leo Namikonga ndiyo inayotumika kutafuta kinga ya michirizi. Hakuna mradi uliowalipa wale akina mama kutunza pingili zake miaka yote hiyo. Kwa hiyo ukiingia kijijini ukasema "muhogo wa kienyeji" huku umekunja pua, kumbuka unaweza kuwa umesimama juu ya kazi ya waliokutangulia.

Sasa GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba maabara, maana najua mnasubiri nitasema nini. Sina ugomvi na chombo. Mwezi Juni mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa bayoteknolojia ya Kenya iliukubali muhogo uliowekewa kipande cha taarifa za kirusi cha michirizi, ili mmea umtambue adui na kumkatakata akiingia. Ni kazi safi. Lakini someni na upande wa pili: aina ya muhogo iitwayo TME 204 ilikuwa na kinga ya batobato, na ilipooteshwa upya maabara kutoka kwenye tishu, kinga hiyo ikapotea. Dawa ya kuirudisha ni ileile ya Amani, kuchavusha. Anayejigamba kwamba maabara imeua kazi ya shambani hajafanya kazi zote mbili.

Hapa kwetu ndiyo kabisa. Mahindi ya kustahimili ukame yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na mwaka 2018 ikatoka amri yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Mtu anaweza kuwa na sababu ya kukataa teknolojia. Nisichokielewa ni nchi nzima kubishana kama mashabiki wa mpira: huyu anasema ukila utakuwa tasa, yule anasema ukipanda njaa imekwisha, na hakuna anayemweleza mkulima kitu gani kimewekwa, wapi, kwa kazi gani, na mbegu ni mali ya nani. Wanasayansi mmekaa kimya, mnaogopa kuharibu fedha za wafadhili. Wazazi nao, mtoto akichaguliwa kusomea kilimo, nyumba inakuwa kama ina msiba. Halafu tunashangaa mbegu zetu zinaamuliwa na watu wasiojua kisamvu.

Yaliyobaki ni mafupi. Usiutupe mmea mzazi wa aina yako hata kama hauna mavuno. Mkulima akikataa, andika alivyosema, kwa maneno yake. Vipando vyenye ugonjwa visivuke wilaya, hata mkubwa akikupigia simu. Inzi weupe, wanaoeneza magonjwa haya, wahesabiwe asubuhi, majani yakiwa bado na baridi. Jina la fundi sanifu liwe kwenye ripoti.

Na lebo za shambani ziandikwe kwa penseli. Wino unaondoka na mvua ya kwanza.

Mzee wenu,
Mstaafu wa utafiti wa mazao ya mizizi